Went Si Mtoto wa Go

Kenya unaweza kukosea jina la gavana wako na maisha yaendelee. Unaweza kukosea hesabu ya chenji kwa matatu, konda akurekebishe bila maneno mengi. Lakini simama mbele ya watu useme "he teached us" uone vile utachomeka. Mwanasiasa akiteleza kwa kitenzi kimoja saa nne asubuhi, kufikia jioni ashageuzwa stika ya WhatsApp. Mtoto wa darasa la sita akiandika catched kwa insha, kalamu nyekundu inazungushwa kwa hilo neno kama utepe wa polisi. Na wale wanaocheka zaidi ndio hukosa jibu ukiwauliza swali moja dogo.

Preach ni preached. Reach ni reached. Basi kwa nini teach ni taught?

"Hiyo ni irregular, kariri tu." Hilo ndilo jibu sote tulipewa. Ukafunguliwa ile orodha ya nyuma ya kitabu, safu tatu, go went gone, darasa zima likiimba kama kwaya. Hakuna aliyesema orodha yenyewe imetoka wapi. Mimi nimeifuatilia hadi kwenye mizizi, na msimamo wangu ni huu: ile orodha haipimi akili ya mtu hata kidogo. Ni kumbukumbu ya mambo yaliyowapata watu wengine, mbali sana na hapa. Ina wahamiaji, ina vita, ina maneno yaliyokufa na mengine yaliyochukua viti vya wenzao.

Tuanze na kitu tunachokijua. Kiswahili kinaunda wakati uliopita kwa kuchomeka -li-: nilisoma, nilicheka, nililala. Mzizi wa kitenzi hauguswi. Makabila yaliyohamia Uingereza katika karne ya 5 kutoka pande za Ujerumani na Denmark za leo yalikuja na njia mbili za kufanya hiyo kazi. Njia ya zamani zaidi ilikuwa kubadilisha irabu iliyo tumboni mwa neno: sing, sang, sung. Njia ya pili, iliyokuwa changa, ilikuwa kubandika mkia wa d au t mwishoni. Wasomi wa lugha waliviita vya kwanza vitenzi vyenye nguvu, na vya pili vitenzi dhaifu. Majina yenyewe yanachekesha, kwa sababu vile vilivyoitwa dhaifu ndivyo vilivyokuja kuteka nchi.

Sasa, hivi vyenye nguvu havikuwa fujo. Vilikuwa na makundi saba, na kila kundi lilikuwa na mpangilio wake wa irabu. Mtu wa wakati ule akisikia kitenzi alijua kinaenda kundi gani, vile wewe unajua ni kiti-viti na mti-miti bila kufikiria ngeli. (Namaanisha ngeli za KI-VI na U-I. Ngeli ya Sheng, yaani Kizungu chenyewe, ndiyo tunaijadili hapa.) Drive-drove, ride-rode, rise-rose, write-wrote ni ndugu wa kundi moja. Drink-drank, sing-sang, swim-swam, begin-began ni kundi lingine. Ukiviona leo vimetawanyika kwa orodha, unadhani kila kimoja kimejiamulia. Ni kama kwenda magofu ya Gede ukaona ukuta hapa, kisima pale, ukasema watu wa zamani walikuwa wanajenga ovyo. Zii. Kulikuwa na mji mzima. Umefika ukiwa umeanguka.

Na hata ndani ya hilo kundi la sing kulikuwa na kitu ambacho kinatusumbua mpaka leo. Wakati uliopita ulikuwa na irabu mbili, moja ya mtu mmoja na nyingine ya watu wengi. Mimi peke yangu nilikuwa na ile a ya sang. Sisi tukiwa wengi tulikuwa na u. Baadaye tofauti hiyo ya umoja na wingi ilikufa, na irabu mbili zikabaki zikigombania kiti kimoja. Kwingine a ikashinda, ndiyo tuko na drank. Kwingine u ikashinda, ndiyo tuko na clung. Kwingine hazijamalizana: kamusi zinakubali shrank na pia shrunk. Alama pekee iliyobaki ya ule mfumo wa umoja na wingi ni was na were. Kwa hivyo mtu akichanganya drank na drunk, ameingilia ugomvi wa irabu mbili zilizokuwepo kabla Wanormani hawajafika Uingereza mwaka 1066.

Halafu vifo vikaanza. Help ilikuwa kitenzi chenye nguvu kabisa. Wakati uliopita wake ulikuwa holp, na safu ya tatu holpen. Shakespeare ametumia holp. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James, bado ina holpen ndani yake. Leo ukisema holp utaambiwa urudi nursery. Climb ilikuwa na clomb. Bake, step na laugh, vyote vilikuwa vinabadilisha irabu. Kimoja baada ya kingine vikasalimu amri, vikavaa -ed.

Kuna watu waliohesabu. Mwaka 2007, Erez Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Walichukua vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi katika Kiingereza cha kale, wakavifuata karne baada ya karne. Katika Kiingereza cha enzi za kati, 145 vilikuwa bado vikaidi. Leo vimebaki 98. Yaani 79 vimeshavaa sare.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kile walichokigundua kuhusu nani anakufa na nani anapona. Kitenzi kinachotumika mara 100 chini ya kingine kinageuka kuwa cha -ed haraka mara 10. Matumizi ndiyo bima. Neno likisemwa kila siku, kila mtoto analisikia mapema, analishika hivyo lilivyo, analipitisha kwa wake. Neno likisemwa mara moja kwa mwezi, mtoto analisahau, analitengeneza upya kwa kanuni anayoijua. Ndiyo maana vitenzi unavyovihitaji tangu asubuhi mpaka usiku, be, have, do, say, go, get, take, see, vyote ni vikaidi. Kwa be na have, walikadiria kwamba ingechukua miaka 38,800 kwa nusu ya vitenzi vyenye matumizi ya kiwango hicho kubadilika. Kwa hivyo usisubiri, kariri was.

Tukifika kwa go, stori inageuka kuwa ya mtaa. Wakati uliopita wa go haukuwa went. Katika Kiingereza cha kale ulikuwa eode, neno ambalo halifanani na go wala na went. Went ilikuwa ya kitenzi kingine kabisa, wend, maana yake kushika njia na kwenda zako. Wend-went ilikuwa kawaida tu, sawa na send-sent, spend-spent, bend-bent. Kufikia karne ya 15, kusini mwa Uingereza, eode ilikuwa imechoka na went ikahamia kwa go, ikaweka mizigo, ikakaa. Wend ilipoona imeachwa ikajitengenezea wended. Kaskazini na Scotland wao walikataa huo mpango, wakaunda gaed kutoka kwa go yenyewe. Hebu fikiria: kuna sehemu ya kisiwa hicho hicho ambapo watu walifanya kile mtoto wako anachofanya akisema goed, na kwao ikawa lugha tu, hakuna aliyechapwa.

Be nayo ni genge. Am na is zimetoka mzizi mmoja, be mzizi mwingine, was na were mzizi wa tatu. Maneno matatu tofauti yamekodi nyumba moja na yanajiita familia.

Turudi kwa teach, kwa sababu niliahidi jibu. Teach, reach na preach zinafanana kwa sauti lakini hazikuzaliwa pamoja. Preach ilitoka Ufaransa, ikaingia na Wanormani, na mgeni akiingia kwa lugha hupewa sare ya kawaida: preached. Teach na reach ni za wenyeji. Zote mbili zilikuwa na mkia wa t uliobandikwa kwa mzizi zamani sana, mpaka mzizi wenyewe ukageuka: taught na raught. Naam, raught ilikuwepo, na Shakespeare ameitumia pia. Halafu reach ikahama, ikaenda kwa reached, na teach ikabaki. Maneno matatu ya kufanana, historia tatu. Ungejuaje hiyo kwa akili tu? Hakuna akili ya hivyo.

Work nayo ilikuwa na wrought kabla ya worked kuichukua. Wrought haikufa yote. Nenda jua kali yoyote uulize bei ya geti, utaambiwa kuna ya mabati na kuna ya wrought iron. Fundi anayelisema hilo neno siku nzima anatamka wakati uliopita wa work wa miaka hiyo yote, na hakuna mtu amewahi kumwambia Kizungu chake ni kizuri.

Na hizo gh za taught, thought, brought, bought? Zilikuwa zinatamkwa. Ile sauti ya mwanzo ya Khamisi, kama inavyotamkwa na mtu wa Lamu au Mombasa, ndiyo ilikuwa katikati ya hayo maneno. Waingereza wakaiacha mdomoni lakini ikabaki kwenye karatasi. William Caxton alileta mtambo wa kuchapisha vitabu Westminster mwaka 1476, na uchapishaji ukaanza kugandisha tahajia wakati matamshi yalikuwa bado yanatembea. Wewe ukikosea kuandika thought kwa sababu huisikii hiyo gh, masikio yako yako sawa.

Vingine vina sababu rahisi hadi inaudhi kwamba hatukuambiwa. Cut, put, hit, set havibadiliki kwa sababu vinaishia na t, na ule mkia wa t au d ukamezwa humo humo. Keep na kept zilikuwa na irabu moja, e ndefu na e fupi. Kisha kati ya karne ya 15 na ya 18 irabu zote ndefu za Kiingereza zikahama, keep ikapanda ikawa na sauti ya i, na kept ikaachwa nyuma kama mtu aliyekosa basi la mwisho. Sleep-slept hivyo hivyo. Dakika tano za kuelezea darasani. Badala yake tulipewa kwaya.

Waviking nao wana mkono. Mashambulizi yao yanajulikana tangu mwaka 793, walipovamia monasteri ya Lindisfarne, lakini baadaye wengi walikaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakalima, wakaoa. Kutoka kwao ndio Kiingereza kilipata take na took. Kitenzi cha wenyeji cha kuchukua kilikuwa niman, na hicho kikapotea. Kipande chake kimoja kimebaki: numb. Maana yake ya asili ni "aliyechukuliwa". Ukitoka kwa daktari wa meno ukisema mdomo wako uko numb, umetumia safu ya tatu ya kitenzi kilichozikwa na Waviking.

Nilisema mgeni akiingia hupewa sare ya kawaida. Hilo linanifurahisha zaidi kwa sababu sisi tunafanya hivyo kila siku. Chukua kitenzi cha Kizungu ukiingize Sheng au Kiswahili cha mtaani: alini-block, nilidownload, tulimiss basi. Umewahi kusikia mtu akisema "alini-blocked"? Umewahi kusikia "nilicaught feelings"? Ni nilicatch. Hatuchukui wakati uliopita wa wenyewe, tunachukua mzizi, tunaubandika -li- yetu, kwisha. Hakuna kikao kilichoitishwa kuamua hivyo. Kila mtu anaijua hiyo sheria na hakuna aliyefundishwa. Waingereza walifanya vile vile na vitenzi vya Kifaransa, na wanaendelea: google ni googled, hakuna aliyependekeza gaggle.

Lakini catch yenyewe ni mgeni mkaidi. Ilitoka Ufaransa kaskazini, ingefaa kuwa catched, na kweli catched ilitumika vitabuni karne nyingi, hadi ya 18. Ila wenyeji walikuwa na kitenzi cha kushika, latch, ambacho wakati uliopita wake ulikuwa laught. Catch ikafanana nacho kwa sauti na kwa maana, ikakiiga, ikapata caught. Sasa latch imekuwa latched na catch imebaki na nguo za kuazima. Kwa hivyo huyo mtoto wa darasa la sita wa kalamu nyekundu hakubuni kitu. Alichelewa miaka mia tatu.

Na usidhani mambo yanaenda upande mmoja tu. Dig ilikuwa digged kwenye hiyo Biblia ya 1611, leo ni dug. Ring na wear vilikuwa na mkia, halafu vikajifunza kubadilisha irabu kwa kuiga majirani, ndiyo rang na wore. Wamarekani walianza kusema snuck badala ya sneaked mwishoni mwa karne ya 19, na leo liko kila mahali. Yaani watu walikosea kuelekea upande wa ukaidi, wakakubaliwa. Gotten ndiyo hunimaliza. Mwalimu wa Kenya akiiona anaandika "Americanism" kwa ukali, wakati gotten ndiyo ya zamani. Waingereza waliitupa, Wamarekani wakaitunza kama sahani za nyanya.

Basi nani aliamua? Kama watu walikuwa wanahama hivi karne baada ya karne, nani alifunga mlango na kusema walio ndani ni sahihi na walio nje ni wajinga?

Katika karne ya 18 Uingereza ilikuwa na watu wengi waliopata pesa za biashara na wakataka kuonekana waungwana. Muungwana alitambuliwa kwa mdomo wake. Soko la vitabu vya sarufi likalipuka. Jonathan Swift alikuwa ameshalalamika mwaka 1712, katika barua ya wazi kwa serikali, kwamba watu wanakata mkia wa -ed, wanasema disturb'd badala ya kuitamka silabi nzima, dis-turb-ed. Kwake hayo yalikuwa uharibifu. Alitaka iundwe kamati ya kuikamata lugha isisogee tena. Alishindwa. Leo wewe ukitamka disturb-ed vile Swift alitaka, utachekwa na watu wale wale. Silabi yake imebaki kwa maneno machache, kama wicked, na kwa mawakili wetu wanaoitana learned friend, hiyo learned ikiwa na silabi mbili. Hapo tu ndipo Swift alishinda kesi.

Aliyefaulu zaidi alikuwa Robert Lowth. Alikuwa mtu wa kanisa, baadaye askofu wa London, na mwaka 1762 alitoa kitabu kidogo cha sarufi. Wakati huo watu walisema "I have wrote" na "I have drank" bila wasiwasi wowote. Safu ya pili na ya tatu zilikuwa zinaungana zenyewe, polepole. Lowth akasema hapana. Na ili kuthibitisha, akaorodhesha makosa ya waandishi wakubwa: Shakespeare yumo, Milton yumo, Pope yumo, na Swift mwenyewe, yule mlinzi wa lugha, yumo. Isome tena hiyo. Shakespeare alifeli mtihani ambao ulitungwa karibu miaka 150 baada ya yeye kufa.

Halafu Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, akaandika sarufi yake mwaka 1795 kwa ajili ya shule ya wasichana ya huko. Alichukua mengi kwa Lowth. Vitabu vyake viliuzwa kwa mamilioni pande zote za Atlantiki na vikawa mfano wa jinsi sarufi inavyofundishwa. Safu zikafungwa. Sio kwamba zilipatikana kwa sayansi. Kuna watu walizichagua, na waliochagua walikuwa na vyombo vya kuchapisha.

Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa mwaka 1895, mjadala wa "I have wrote" ulikuwa umezimwa zaidi ya miaka mia moja. Sisi tulipokea orodha ikiwa imekauka. Hatukuletewa holp, eode wala raught. Hatukuambiwa watu wao wa mashambani walikuwa bado wanasema vingine. Tuliletewa jibu bila swali, na kiboko pembeni.

Kiboko si mfano. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, anasimulia vile mtoto aliyeshikwa akiongea Gĩkũyũ karibu na shule alichapwa, au akavalishwa bamba la chuma shingoni lenye maandishi ya kumwita mjinga au punda. Anasimulia pia kijana aliyepita masomo yote vizuri sana, akaanguka Kizungu peke yake, akahesabiwa amefeli mtihani mzima. Akaishia kuwa turnboy wa kampuni ya basi. Uhuru ulipokuja, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kizungu kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ile disk ya shingoni wazazi wengi wanaosoma hapa wanaijua kwa miili yao. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na Kiswahili na Kizungu zote ni lugha rasmi. Lakini hakuna mtu anaogopa mahojiano ya kazi kwa sababu ya ngeli za Kiswahili.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Jifunze taught, jifunze caught. Waajiri wanasoma CV, na mtihani una kisanduku kimoja tu cha kutia alama. Mimi mwenyewe niliacha chuo, hizi barua za kuomba kazi nazijua, sitakudanganya eti fomu sahihi haina maana. Ina maana kwa sababu mlango una bawabu. Lakini bawabu si profesa. Mtu akichekelea catched anajiona amepima akili ya mwenzake, wakati amepima tu nani alikaliwa kwa muda mrefu zaidi na ile orodha, na mara nyingi hiyo inamaanisha nani mzazi wake alikuwa na pesa ya shule ya aina fulani.

Kwa sababu kichwa chenyewe, kikiachwa, kinafanya nini? Mwaka 1958 Jean Berko alichapisha jaribio ambalo ningependa lifanywe mbele ya kila mtu anayecheka. Aliwaonyesha watoto picha na maneno ya kubuni ambayo hakuna mtu amewahi kuyasikia. Huyu mtu anajua ku-gling. Jana alifanya hivyo hivyo. Jana ali-nini? Watoto wakasema glinged. Hawakuwa wamelikariri, haliko popote. Walikuwa wamechota kanuni kutoka hewani wenyewe, bila mwalimu. Watu wazima nao wengi wakasema glang au glung, yaani lile kundi la sing lililoanza kabla ya Caxton na Lowth bado linapumua ndani yao. Watoto wengi wa Waingereza huanza kwa kusema went, kwa kuiga tu. Halafu wanaigundua kanuni, wanaanza kusema goed. Baadaye ndio wanarudi kwa went. Kwa hivyo goed inakuja wakati mtoto anajua zaidi kuliko mwanzo.

Nairobi tunalo la kwetu. Kumwita mtu aje, Kiswahili sanifu kinasema njoo. Sisi tunasema "kuja hapa", na mtu wa Mombasa akisikia anashika kichwa. Njoo ndiyo went yetu, kiti chake hakitoki kwa kuja hata ukikitazama vipi, na mtoto wa Kayole amekitengeneza upya kwa kanuni. Hakuna mtu amewahi kumvalisha disk kwa hiyo.

Wale watafiti wa Harvard walitaja kitenzi wanachodhani kitafuata kuvaa sare: wed. Hakitumiki sana, bima yake imeisha, na wedded iko mlangoni tayari. Ikifika, wed itabaki imekwama kwa newlyweds, ikitamkwa na MC kila Jumamosi kwa maikrofoni yenye mwangwi, na wageni wakipiga vigelegele bila kujua wanazika nini. Na text nayo? Sikiliza vizuri watu wanavyoongea Kizungu: "she text me yesterday," bila -ed, kwa sababu inaishia na t kama cut na put. Kamusi bado zinasema texted. Mwalimu bado ana kalamu yake nyekundu. Mimi pesa yangu naiweka kwa text.